Nimekodi Baiskeli Yangu Mwenyewe

Nianze na aibu yangu ili tumalizane nayo. Agosti 2021 niliacha baiskeli Manyoni, kwenye ua wa gesti moja isiyo mbali na stesheni ya reli, nikamwambia mama mwenye gesti, "Mama, nitunzie wiki mbili tu, narudi." Wiki mbili hizo zimekwisha juzi, Agosti 2024.

Safari yenyewe ilikuwa ya kutoka Dar hadi Ujiji. Babu yangu mzaa baba alitokea huko, akaja Dar kwa treni kama watu wengine, ila uzeeni alipenda kusimulia kwamba alikuja kwa miguu. Hakuna aliyembishia, na sisi wajukuu tulikua tukiamini. Nilipogundua ukweli nilikuwa mtu mzima mwenye karakana yangu, na badala ya kucheka nikaona kuna deni: mtu mmoja wa ukoo huu lazima aende ile njia pasipo treni. Kwa miguu siwezi. Nikasema basi, baiskeli.

Mimi ni fundi friji, Tandika. Baiskeli nilinunua mtumba wa Japani, tairi za 26, gia ishirini na moja. Karia ya nyuma nilichomelea mwenyewe kwa rafu za friji mbovu, zile za waya mweupe, nikakunja na kuunga kwa gesi. Watu walinicheka Chalinze, wakanicheka Gairo, lakini haikukatika. Siku tisa, mojawapo ya kupumzika Dodoma, zikanifikisha Manyoni, kilomita 580 hivi. Mlima wa mwisho kabla ya Manyoni, pale unapotoka kwenye bonde la Bahi na Kintinku kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, nilisukuma zaidi ya kupanda. Nikaoga, nikala, nikawasha simu.

Banda limevunjwa. Wamechukua mtungi wa gesi, pampu ya vakyumu, seti yote ya kuchomelea, friji tatu za wateja na friza la mama mmoja anayeuza samaki. Asubuhi yake nilikuwa kwenye basi la kurudi.

Habari za kulipa friji za watu sitazirefusha. Ilikuwa milioni tatu na laki nne, na nililipa kidogo kidogo kwa kazi ya mikono yangu hadi Februari mwaka huu. Mama wa samaki ndiye niliyemlipa kwanza kwa sababu alikuwa anakuja kukaa bandani kila Jumamosi. Hasemi neno. Anakaa tu kwenye ndoo iliyogeuzwa, anapepea inzi.

Ila katika miezi hiyo kuna simu zilikuwa zinaingia kutoka namba ya Manyoni. Nilikuwa nimeiandika "Mama Gesti". Inaita, naitazama, naiacha. Niliamini anataka pesa ya kutunza baiskeli, na mimi kila shilingi ilikuwa na mwenyewe. Ikaita kama mara nne mwaka ule, mara mbili uliofuata, kisha ikakoma. Ilipokoma ndipo nilianza kuona vibaya.

Mwaka huu nilipojiona sidaiwi na mtu, nikamwambia mke wangu nakwenda kumalizia. Akaniuliza, "Kumalizia ugomvi na nani?" Nikakosa jibu. Akanifungia maandazi.

Kitu kilichonitia hofu hakikuwa miguu, ilikuwa baiskeli. Wanaofanya kazi yangu watanielewa. Friji inayofanya kazi miaka kumi mfululizo inaweza kuendelea kumi mingine. Iliyozimwa ikafungwa stoo miaka mitatu ndiyo inayokuja na matatizo. Mpira wa mlango unakakamaa, mota ya kompresa inakwama, na ukiiwasha inanguruma mara moja kisha kimya. Nikaiwaza baiskeli yangu imeegemea ukuta tangu 2021, mvua ya Manyoni na jua la Manyoni, grisi imekauka ikawa nta, cheni imeshikana ikawa fimbo moja. Nikaenda Kariakoo nikanunua tairi mbili, tyubu tatu, cheni mpya, gololi za pakiti, kopo la grisi na nyaya mpya za gia. Nikawa na mzigo wa kuifufua maiti.

Kwenda nilipanda treni ya umeme. Ilikuwa haijatimiza mwezi tangu ianze kufika Dodoma, mwisho wa Julai, na abiria bado walikuwa wanajipiga picha na viti. Chini ya saa nne tukawa Dodoma. Nilikuwa nimekaa dirishani makusudi nione mahali nilipopita kwa jasho, nione Gairo, nione Kibaigwa na magunia yake ya mahindi. Sikuona hata moja. Nilisahau kwamba reli haiendi na barabara: baada ya Morogoro inakata kushoto kwenda Kilosa, inaingia kwenye mahandaki, inapita Gulwe. Kwa hiyo zile siku zangu za 2021 hazikufutwa na treni, zimebaki zilipo, kwenye njia nyingine kabisa. Nilifurahi kijinga. Jirani yangu kwenye kiti akaniuliza nacheka nini.

Basi la Dodoma kwenda Manyoni liliniteremsha saa tisa alasiri.

Mama nilimkuta kibarazani, anapepeta uwele. Nikamwamkia kwa Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwenyi." Akaitika bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Nikaongeza shikamoo, kwa usalama.

"Marahaba," akasema. "Wiki mbili zimekwisha?"

Nikaanza maelezo yangu: wezi, friji, madeni. Akasikiliza yote, mikono inaendelea na ungo. Nilipomaliza akasema, "Nilikupigia. Simu inaita, hupokei. Nikamwambia mjukuu wangu, huyu mzee amekufa. Akaniambia bibi, aliyekufa simu yake haiiti mwaka mzima."

Sikuwa na la kusema. Nikamuuliza baiskeli iko wapi. Akaonyesha kwa kidevu: "Iko kazini."

Nikakaa kumsubiri mjukuu. Kama saa kumi na moja hivi akaingia kijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, anasukuma baiskeli iliyobeba madumu manne ya maji, mawili kila upande, lita ishirini ishirini. Nikaitazama baiskeli ile nikaona si yangu. Rangi nyingine, kiti kingine, haina waya hata mmoja wa gia, ina stendi kubwa ya chuma ya miguu miwili kama ya Phoenix. Nikarudi kumtazama mama. Kisha kijana akaanza kushusha madumu, na chini ya madumu nikaona waya mweupe. Rafu za friji. Karia yangu.

Alichotaka mama kwenye simu zile ni ruhusa. Kijana alikuwa anamaliza shule, kazi hakuna, bomba liko mbali na nyumba nyingi, na kuna baiskeli imekaa uani kama pambo. Alipiga kuomba. Nilipokaa kimya wakaamua wenyewe, na nakiri kwamba waliamua vizuri.

Nikaomba niikague. Kijana akasimama pembeni mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari. Nikainyanyua tairi la mbele, nikalizungusha: likaenda, likaenda, likaenda. Hakuna mlio. Nikalishika na kulitikisa kushoto kulia, halina mchezo. Nikafungua habu ya nyuma kwa spana zake, nikakuta grisi mbichi, gololi zinang'aa kama zimetoka dukani. Rimu ya nyuma imeongezewa spoki nene sita. Raba za breki zimechongwa kutoka tairi la gari, zinakamata vibaya lakini zinakamata. Mzigo wangu wote wa Kariakoo ukawa kichekesho. Cheni mpya ilibaki kwenye boksi. Nyaya za gia hadi sasa nazitumia kuanikia nguo.

"Gia ziko wapi?" nikamuuliza.

"Zilikufa mwaka wa kwanza, mzee. Kile kimkono cha nyuma kilikunjika nikiwa na mzigo, kikaingia kwenye spoki. Fundi wa sokoni akasema kipuri chake hapa hakuna, na hata kikiwepo kitakunjika tena. Akakata cheni." Nikahesabu meno: mbele 38, nyuma 20. Gia moja, nyepesi, ya kuanzia na kilo themanini za maji. Ukizungusha pedali mara moja unakwenda kama mita nne. Ukikaza sana unakwenda kilomita kumi na sita kwa saa, ukizidi hapo miguu inazunguka kama kuku anayekimbizwa.

Sasa ndipo likaja jambo ambalo sikuwa nimelipangia. Nilikuwa nimebeba elfu thelathini ya shukrani, nimeiweka kwenye bahasha kabisa. Nilidhani nitatoa bahasha, nitachukua baiskeli, tutapigana picha.

Kijana akaniambia taratibu, kwa adabu yote, "Baiskeli ni yako, anko, sikatai. Lakini kesho nitabebea nini maji?"

Siku nzuri analaza elfu saba. Siku mbaya, nne. Ana wateja wa kudumu: mama lishe wawili, saluni, na gesti ya bibi yake, ambayo nayo inalipa, nilimuuliza. Mimi namwomba aniachie kitega uchumi chake siku ishirini ili niende kumalizia hadithi ya babu yangu. Niliona hata aibu kulitamka hivyo. Nikasema nitamlipa.

Mama akaweka ungo chini. Kumbe alikuwa anangoja neno hilo.

Tulijadiliana hadi giza likaingia. Makubaliano ni haya: elfu tano kwa siku, siku ishirini, jumla laki moja, nusu mkononi kabla sijagusa usukani. Nikifika Kigoma, baiskeli nairudisha Manyoni kwa treni ya zamani ya reli ya kati, nauli ya mzigo juu yangu, na ikifika ni yake moja kwa moja. Tairi mpya nilizokuja nazo zinafungwa sasa na zinabaki. Nyumbani nimewaambia kwa ufupi tu kwamba nimeipata baiskeli, iko salama. Nimekodi baiskeli yangu mwenyewe na hapohapo nimeigawa, na mtu aliyeniuzia dili hilo alinishukuru kwa mikono miwili huku mimi ndiye ninayetoa pesa. Wafanyabiashara wa Kariakoo waende Manyoni wakasome.

"Na kodi ya ua wangu miaka mitatu?" mama akauliza. Nikashtuka. Akacheka mara ya kwanza tangu nifike, akanipeleka jikoni. Friji ya gesti ilikuwa haigandishi. Nikaivuta kutoka ukutani: kule nyuma, kwenye yale mabomba meusi, vumbi limejaa na kugandamana kama blanketi, joto halina pa kutokea. Mpira wa mlango nao umejikunja kona ya chini, hewa inaingia. Havikuhitaji kipuri. Nikasugua mabomba kwa mswaki wa zamani, nikaukanda mpira kwa maji ya moto hadi ukalegea ukarudi mahali pake, nikaufunga mlango kwa kamba ya manila ulale hivyo usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na barafu. Mama akatia kidole, akakitoa, akasema, "Haya, nenda."

Nikaenda. Saa kumi na mbili na nusu, baridi ya Manyoni inayokushangaza kama ulikuja na akili ya Dar. Mji uko juu sana, zaidi ya mita elfu moja na mia mbili. Kijana alinisindikiza hadi barabara kuu akikimbia pembeni. Kila baada ya hatua chache ananiambia, "Usisimamie pedali ya kushoto, anko, ina historia."

Kutoka Manyoni hadi Itigi ni kilomita kama arobaini na mbili. Mwaka 2021 umbali kama huo ulikuwa kazi ya kabla ya chai ya saa nne. Safari hii nilitumia karibu saa nne na nusu, na robo ya muda huo nilikuwa nimekaa kwenye kingo za madaraja nikijidai natazama mandhari. Tangu wakati ule nimeongeza kilo tisa. Magoti hayakulalamika, gia ile nyepesi iliyatunza, ila makalio ni jambo ambalo sitaliandika hapa, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi hadi jioni nikawa siwezi kufunga kifungo cha shati. Mwili haukumbuki. Watu husema kuendesha baiskeli hakusahauliki, na kweli kichwa hakikusahau. Kiuno kilikuwa kimesahau kila kitu.

Jambo moja liliniokoa: upepo. Kiangazi hiki unavuma kutoka mashariki na kusini mashariki, na mimi naelekea magharibi. Ukisimama husikii kitu. Ukianza kwenda unahisi mtu ameweka kiganja mgongoni. Nilipokuwa kijana ningejisifu kwa mwendo ule.

Itigi nililala mchana kutwa na usiku wake. Siku iliyofuata nikaingia kwenye vichaka. Nilikuwa nimesoma kwamba vichaka vya Itigi ni vya pekee, na namna hiyo ya uoto huipati penginepo ila hapa na upande wa Zambia, kati ya Ziwa Tanganyika na Mweru. Kwenye karatasi inapendeza. Ukiwa kwenye baiskeli mwezi wa nane, majani yote yamepukutika, unaona ukuta wa vijiti vya kijivu pande zote mbili, umesongamana kiasi kwamba mbuzi akiingia atatokea uchi. Hamna kivuli. Urefu wake si wa mti wala si wa nyasi, ni wa kukuzuia usione mbali tu.

Hapa ndipo wasafiri wa misafara walipopaita Mgunda Mkali. Kuanzia mpaka wa Ugogo hadi Tura, ilikuwa siku baada ya siku bila maji ya uhakika wala kijiji cha kununua chakula. Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857 wakienda Kaze, ndiyo Tabora ya leo, lakini wao walikuwa wanabebewa vitu. Ninaowawaza ni wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu, pembe au vitambaa au shanga, begani, kutoka pwani hadi bara na kurudi. Mimi nilikuwa na kilo kumi na nne juu ya magurudumu mawili na lami chini. Kisha reli ikaja, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na Mgunda Mkali ukawa mahali pa kulala ukiwa ndani ya behewa. Babu yangu bila shaka aliupita akiwa amelala. Nilimcheka kwa sauti, peke yangu, barabarani.

Siku hizi ni lami kote. Madereva wa malori niliokutana nao Chaya wanasimulia jinsi walivyokuwa wanakwama hapa masika, wanapika chini ya gari siku tatu nne, na wanasimulia kwa hamu kidogo, kama watu wanaokumbuka jando. Mmoja alitaka kunipakia bure. Nilikataa, na kwa saa mbili zilizofuata nilijiuliza kwa nini.

Kutoka Chaya hadi Nyahua ni kilomita themanini na tano, na huko vichaka vinaachia pori la miyombo. Kivuli kinarudi. Wanarudi pia ndorobo, wale nzi wanaonyonya damu. Nilikuwa nimevaa fulana yangu ya kazi, ya bluu iliyokoza, na suruali nyeusi. Wakaja wachache, wakaja kumi, wakawa wingu dogo linalosafiri nami. Ukienda polepole wanatua, ukienda haraka wanafuata, maana wanapenda kitu kinachotembea, na kwa gia yangu ile haraka yenyewe ilikuwa ya kuombaomba. Wanauma juu ya nguo. Nilijipiga makofi mwenyewe kilomita tano nzima.

Nikakuta mzee mmoja mrina asali amekaa chini ya mti na chupa zake barabarani. Nikasimama. Alinitazama juu hadi chini, akacheka hadi akashika magoti.

"Umevaa mtego," akasema.

Akanieleza kwamba mitego ya ndorobo inayotundikwa porini ni vitambaa vya bluu na nyeusi, kwa sababu rangi hizo ndizo zinazowavuta. Mimi nilikuwa nimejishonea mtego, nimeingia ndani yake, nimeuendesha. Nikabadilisha hapohapo, nikavaa shati la khaki la kulalia. Walipungua, hawakuisha. Nikanunua chupa ya asali kwa heshima ya elimu ile, na akanipa konzi la michembe na karanga, nikatafuna viazi vikavu vile hadi taya zikauma. Asali ya huko nyeusi, ina ukali kwa nyuma kooni. Nilikula nusu kabla ya jioni, kwa kidole.

Maji yaliniishia kilomita kama kumi na tano kabla ya Nyahua. Nilikuwa nimebeba lita sita, nikijua kabisa jina la mahali. Kosa ni langu: niliosha mikono yenye asali.

Nyahua sitasema mengi, nilifika gizani na mama lishe mmoja akanionea huruma, akanipa stoo yake ya mkaa nilale. Niliamka mweusi. Siku ya mwisho ya kipande hiki, nyingine ya themanini na tano, miguu ilikuwa imeanza kukumbuka. Kuna saa moja ya asubuhi, kati ya Nyahua na Goweko, ambapo sikuwaza kitu chochote: si friji, si deni, si elfu tano kwa siku. Cheni inalia chik, chik kwenye jino moja lililochakaa, upepo uko mgongoni, tairi mpya zinasema na lami. Nadhani ni hiyo saa moja niliyoifuata.

Tabora niliingia saa kumi alasiri kupitia miembe. Imetoa maua, haina embe hata moja, lakini kivuli chake baada ya Itigi nilitaka kukilipia. Hapa mtu wa baiskeli hashangawi. Kila kona kuna fundi chini ya mti, na wote wana maoni. Niliyempelekea breki aliigeuza baiskeli juu chini, akaminya spoki moja moja kama anapiga gitaa, akaniuliza nani alifunga gurudumu la nyuma. Nikamwambia kijana wa Manyoni, muuza maji. Akasema mwambie aje nimpe kazi.

Zimebaki kama kilomita mia nne: Urambo, Kaliua, daraja la Malagarasi, chumvi ya Uvinza, halafu mteremko wa kuelekea ziwani. Nimetumia siku sita kati ya ishirini nilizolipia, mbili kati ya hizo nimelala tu. Kesho ni Urambo, kilomita tisini.

Nilituma ujumbe Manyoni jioni hii kusema nimefika Tabora salama, na maneno ya yule fundi nikayaongeza. Jibu limekuja sasa hivi: "Shikamoo anko. Asante. Umeangalia gololi za mbele? Huwa zinalegea baada ya safari ndefu."

Nimemjibu nimeangalia. Natoka nje na tochi ya simu nikaziangalie.